Ugonjwa wa Luther Katika Ngome ya Wartburg: Kufunga Choo, Historia na Heshima ya Mwili

Utangulizi

Hakuna mwanafunzi wa historia ya Kanisa asiyeijua hadithi ya wino. Inasimuliwa kwamba Martin Luther, akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, alimwona Shetani akimjia, naye akamrushia kidau cha wino hata ukutani likabaki doa. Wageni waliozuru ngome ile kwa karne nyingi walionyeshwa doa hilo. Hata hivyo, hadithi hiyo haina ushahidi wa kuaminika; ilizuka baada ya Luther mwenyewe kufariki. Lakini liko jambo jingine lililompata Luther katika ngome hiyo hiyo, ambalo lina ushahidi wa mkono wake mwenyewe, katika barua zake mwenyewe, zenye tarehe zake. Jambo hilo halisimuliwi katika mafundisho ya Kipaimara, wala halitajwi siku ya Sikukuu ya Matengenezo. Nalo ni hili: kwa muda wa miezi mitano hivi, kuanzia Mei hadi Oktoba 1521, Luther aliteswa vikali na ugonjwa wa kufunga choo.

Tulipolitaja jambo hili darasani kwa mara ya kwanza, wanafunzi walicheka, na mmoja wao akauliza kama yafaa mambo ya namna hiyo kuzungumzwa katika chuo cha theolojia. Hatukumjibu vizuri siku ile; tulipita haraka tukaenda kwenye tafsiri ya Agano Jipya. Muda si mrefu baadaye tuliitwa kumzika mzee mmoja wa usharika, mtu wa sala na mwenye kuheshimiwa sana. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akipata choo kwa shida na kutoa damu, naye hakumwambia mtu, si mke wake, si mchungaji wake, kwa sababu aliona haya. Alipofikishwa hospitali saratani ya utumbo mpana ilikuwa imekwisha kuenea. Tangu siku ile tumetambua kwamba swali la yule mwanafunzi linastahili jibu lililo kamili.

Makala hii, basi, ina makusudi matatu. Kwanza, kueleza yale ambayo barua za Luther zinatuambia juu ya ugonjwa wake. Pili, kupima, kwa msaada wa elimu ya tiba ya siku hizi, ni sababu zipi zingeweza kuuleta, na zipi haziwezi kukubaliwa. Tatu, kuchunguza jinsi ugonjwa huo ulivyotumiwa na waandishi wa historia, wengine wakiuficha na wengine wakiufanya kuwa ufunguo wa Matengenezo yote, kisha kuuliza jambo hili lina fundisho gani kwa huduma yetu.

Ushahidi wa barua

Luther alisimama mbele ya Kaisari Karolo V katika Baraza la Worms tarehe 17 na 18 Aprili 1521. Alikuwa na umri wa miaka 37. Aliondoka Worms tarehe 26 Aprili, na tarehe 4 Mei, akiwa safarini katika misitu ya Thuringia, alikamatwa na wapanda farasi. Watu hao walikuwa wametumwa kwa mpango wa siri wa Mteule Frederick wa Saksonia, aliyetaka kumficha asije akauawa. Usiku huo aliingizwa katika ngome ya Wartburg, juu ya mji wa Eisenach. Huko alivua kanzu ya utawa, akafuga nywele na ndevu, akaitwa Junker Jörg, yaani Bwana George, mtu wa daraja la waungwana. Mwangalizi wa ngome, Hans von Berlepsch, alimtunza kwa ukarimu. Mwanzoni hakuruhusiwa kutoka chumbani mpaka nywele zake ziwe zimeota vya kutosha hata asitambulikane.

Tarehe 12 Mei, siku nane tu baada ya kufika, alimwandikia rafiki yake Philip Melanchthon. Katika barua hiyo anasema kwamba Bwana amempiga kwa maumivu makali katika njia ya haja kubwa. Choo chake ni kigumu kiasi cha kumlazimu kujikamua mpaka jasho likamtoka, na kadiri anavyokawia ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu. Anaeleza kwamba amepata choo mara moja tu baada ya siku nne, na kwamba kwa sababu hiyo hakulala usiku kucha. Anaomba aombewe, maana anaona hataweza kuvumilia iwapo hali itaendelea hivyo. Katika barua nyingine ya siku hizo anadokeza kwamba taabu hiyo ilikuwa imekwisha kuanza huko Worms, nayo sasa imezidi.

Tarehe 13 Julai anamwandikia tena Melanchthon. Anakiri kwamba kwa siku nane hakuandika kitu, hakusali wala hakusoma, kwa sababu ya majaribu ya mwili na kwa sababu ya ugonjwa huu. Anasema kama hali haitatengenea ataondoka waziwazi aende Erfurt kutafuta matabibu. Tulipime neno hili kwa uzito wake. Luther alikuwa ametengwa na Papa, na kwa Amri ya Worms alikuwa ametangazwa kuwa mtu asiye na ulinzi wa sheria. Yeyote angeweza kumkamata. Mtu wa namna hiyo alikuwa tayari kuyaweka maisha yake hatarini ili tu apate kuonana na tabibu. Haya hayakuwa maumivu madogo. Safari yenyewe haikufanyika, kwa kuwa huko Erfurt kulikuwa na tauni.

Rafiki yake George Spalatin, katibu na mhubiri wa Mteule, alimpelekea vidonge. Luther anamshukuru na kumweleza kwamba vimemletea nafuu, amepata choo bila kujikamua na bila damu. Lakini kidonda cha mpasuko wa zamani hakijapona, na tena nyama imejitokeza nje. Tarehe 9 Septemba anamwandikia Spalatin kwamba amepata choo siku ya sita, kwa uchungu mkubwa, na anajilinganisha na mwanamke aliye katika utungu wa kuzaa, aliyechanika na kutoka damu. Kisha tarehe 7 Oktoba inakuja barua ya furaha: mwili wake umepatana naye, hahitaji dawa tena, ni mzima kama zamani.

Msomaji atazame mpangilio wa tarehe hizi. Wakati wa ugonjwa Luther aliandika jibu lake kwa Latomus, akamaliza ufafanuzi wake wa Magnificat, akaanza mahubiri yake ya mwaka wa Kanisa. Katikati ya Desemba, akiwa amekwisha kupona, alianza kazi ya kutafsiri Agano Jipya katika lugha ya Kijerumani. Aliimaliza kwa muda wa majuma kama kumi na moja, nalo likachapishwa Septemba 1522.

Sababu zinazowezekana

Mwenye hekima hampimi mgonjwa aliyefariki karne tano zilizopita kana kwamba amelala kitandani mbele yake. Hata hivyo barua zimetuachia dalili nyingi, nasi twaweza kuuliza ni njia zipi zinafaa kuelezea dalili hizo.

Waganga wa siku za Luther waliamini kwamba afya ni uwiano wa ute wa aina nne mwilini, yaani damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Fundisho hilo walilipokea kutoka kwa Wayunani, hasa Galeno. Kwao kufunga choo kulikuwa ni kuzuiliwa kwa uchafu unaopaswa kutoka, na tiba ilikuwa ni kuharisha. Leo tiba inaeleza vingine. Kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji kutoka katika mabaki ya chakula na kuyasukuma kuelekea nje. Mabaki yakikaa muda mrefu, maji hufyonzwa kupita kiasi, na choo huwa kikavu na kigumu. Basi kila kinachopunguza mwendo wa utumbo, kinachopunguza makapi ya chakula au maji, au kinachomfanya mtu ajizuie, chaweza kuleta ugonjwa huu.

Tukianza na chakula, Luther alikuwa mtawa wa Mt. Augustino aliyezoea kufunga na kula kwa kiasi. Ghafla aliwekwa kwenye meza ya waungwana, ambako nyama ilikuwa nyingi. Yeye mwenyewe alimwandikia Spalatin mwezi Mei kwamba anakaa siku nzima bila kazi huku ameshiba mno. Mabadiliko ya ghafla ya chakula ni sababu ya kawaida ya kufunga choo hata leo.

Jambo la pili ni kukosa mwendo. Mtu aliyezoea kutembea kwa miguu, kuhubiri na kufundisha, alifungiwa chumbani. Mwili usiotembea hufanya utumbo nao ulegee; hili hujulikana kwa wauguzi wote wanaowatunza wagonjwa waliolala kitandani kwa muda mrefu.

Tatu, hatuwezi kupuuza hofu na kuvurugika kwa ratiba. Taabu ilianza Worms, mahali alipokuwa akihojiwa kwa ajili ya uhai wake. Utumbo una mishipa yake mingi ya fahamu inayowasiliana na ubongo, na wasiwasi mkubwa huweza ama kuuharakisha ama kuuzuia. Safari, kulala mahali pageni na kukosa faragha humfanya mtu aahirishe haja, na kuahirisha huzidisha ugumu wa choo.

Sababu ya nne ndiyo tunayoiona kuwa na uzito mkubwa zaidi katika kueleza urefu wa ugonjwa. Luther anataja mpasuko, damu, maumivu makali na nyama iliyojitokeza. Dalili hizi zinalingana vema na mpasuko kwenye njia ya haja kubwa, pengine pamoja na bawasiri. Mpasuko huo huanza choo kigumu kinapochana ngozi laini. Kisha misuli ya mahali hapo hukaza kwa ajili ya maumivu, mgonjwa naye huogopa kwenda haja, choo hukaa na kukauka zaidi, na kinapotoka hukichana kidonda upya. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Maneno yake kwamba akikawia ndipo hali inapozidi, na kwamba vidonge vilileta nafuu huku kidonda kikibaki, yanafuata mzunguko huo hatua kwa hatua.

Kuna sababu nyingine ambazo tiba ya leo huziuliza, nazo tunaweza kuziweka kando kwa kiasi fulani. Saratani ya utumbo haielekei, kwa kuwa Luther alipona, akaishi miaka mingine 25 hivi, akafariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546. Ugonjwa alioueleza Harald Hirschsprung mwaka 1886, ambao ndani yake sehemu ya utumbo huzaliwa bila mishipa ya fahamu, huonekana tangu utotoni, na hatuna habari ya namna hiyo kwa Luther. Kulegea kwa kazi ya tezi ya shingo huleta kufunga choo, lakini huleta pia uchovu na uzito wa akili, wala hakuondoki kwenyewe kwa miezi michache. Ni vigumu kulinganisha hali hiyo na mtu aliyetafsiri Agano Jipya kwa majuma kumi na moja. Mawe ya figo, ambayo yalimsumbua sana baadaye, hasa huko Schmalkalden mwaka 1537 alipokaribia kufa kwa kuzibwa mkojo, ni ugonjwa wa njia nyingine, nao yafaa usichanganywe na huu.

Kwa hiyo tunaona kwamba hakuna haja ya kutafuta fumbo. Mabadiliko ya chakula, kufungiwa, hofu, na hatimaye mpasuko uliougeuza ugonjwa wa siku kuwa wa miezi: hizi zatosha. Kilichomtesa Luther ni kile kinachoweza kumpata mfungwa yeyote, mkimbizi yeyote, au mwanafunzi yeyote wa bweni.

Ugonjwa mikononi mwa wanahistoria

Lau jambo hili lingekuwa la mwili tu, tungeweza kuishia hapa. Lakini limeingizwa katika mabishano makubwa juu ya chanzo cha Matengenezo.

Mwaka 1532, katika mazungumzo ya mezani yaliyoandikwa na wageni wake, Luther alisema kwamba ufahamu juu ya haki ya Mungu alipewa na Roho mnarani, na katika baadhi ya maandishi hayo limeongezwa neno la Kilatini lenye maana ya choo. Mnara huo ulikuwa sehemu ya nyumba ya watawa huko Wittenberg. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjesuiti Hartmann Grisar alilitilia mkazo neno hilo katika kitabu chake kikubwa juu ya Luther. Mwaka 1958 mtaalamu wa nafsi Erik Erikson alitoa kitabu juu ya ujana wa Luther, akiunganisha tabia yake ya kushikilia na kulipuka na shida zake za haja. Mwaka uliofuata Norman O. Brown alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1961 John Osborne aliandika mchezo wa kuigiza, na watazamaji wa London wakamwona jukwaani Luther anayelia juu ya tumbo lake. Hivyo watu wengi wa Magharibi wakaanza kuamini kwamba fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani lilizaliwa siku tumbo la mtawa lilipofunguka.

Kwa upande mwingine, waandishi wengi wa maisha ya Luther kutoka katika makanisa yetu walijibu kwa kunyamaza. Waliziruka barua za Wartburg, au walitaja kwa neno moja tu kwamba afya yake haikuwa njema.

Tunaona kwamba pande zote mbili zimekosea, nasi tunatoa hoja tatu.

Hoja ya kwanza ni ya tarehe. Ushahidi wa wazi wa ugonjwa huu unatoka mwaka 1521. Lakini mahubiri juu ya haki ya Mungu, mihadhara juu ya Zaburi na Waraka kwa Warumi, Hoja 95 za mwaka 1517, mjadala wa Leipzig wa mwaka 1519, na vitabu vikuu vya mwaka 1520, vyote vilikwisha kutangulia. Wataalamu hubishana kama ufahamu ule ulimjia Luther mapema, karibu na mwaka 1514, au baadaye, karibu na mwaka 1518. Lakini hakuna anayeuweka baada ya Worms. Tokeo haliwezi kutangulia sababu yake. Anayetaka kulieleza fundisho la miaka ile kwa ugonjwa wa mwaka 1521 anautia mkokoteni mbele ya punda.

Hoja ya pili ni ya lugha. Heiko Oberman, katika kitabu chake juu ya Luther cha mwaka 1982, ameonyesha kwamba kwa watu wa karne ile, na hasa watawa, neno la choo lilitaja mahali pa unyonge wa mwisho, mahali ambapo Shetani humdhihaki mwanadamu. Kusema kwamba Mungu alimjia mtu mahali hapo ni kusema kwamba Mungu hashindwi kufika popote, hata pale ambapo mtu hana heshima tena. Hata kama Luther alikusudia mahali halisi, maneno yake yanafundisha juu ya neema. Mwaka 2004 wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza kwamba wamegundua chumba cha choo katika nyumba ya Luther huko Wittenberg, na magazeti ya dunia yakashangilia. Lakini jiwe la choo linatuambia mahali mtu alipoketi, halituambii alichofikiri.

Hoja ya tatu inawahusu wale walionyamaza. Luther mwenyewe hakuficha. Aliandika waziwazi kwa marafiki, aliomba maombi, alipokea dawa, na alipopona alishukuru. Aliuita ugonjwa wake kuwa ni sehemu ya msalaba, wala hakusema kwamba ni adhabu ya imani yake. Kumwondolea Luther mwili wake ni kumfanya malaika, na malaika hahitaji kuhesabiwa haki kwa imani.

Fundisho kwa huduma yetu

Maandiko Matakatifu hayana haya juu ya mwili kama tulivyo nayo sisi. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 23, inaweka utaratibu wa haja nje ya kambi. Bwana wetu, katika Marko 7, anaitaja safari ya chakula kutoka tumboni hadi chooni, akiwafundisha wanafunzi wake juu ya usafi wa moyo. Mtume Paulo anamshauri Timotheo juu ya tumbo lake. Naye katika 1 Wakorintho 12 anafundisha kwamba viungo tunavyoviona kuwa havina heshima ndivyo tunavyovipa heshima zaidi. Kwa misingi hiyo hatuoni sababu ya mchungaji kuona aibu kumsikiliza mshirika anayesema, “Baba Mchungaji, sipati choo.”

Tunaona inafaa watumishi wa Kanisa wajue angalau mambo ya msingi. Sababu nyingi ni za kawaida: chakula chenye makapi machache, maji kidogo, kukaa bila mwendo, na kujizuia. Katika jambo hili Afrika Mashariki imetoa mchango ambao hatupaswi kuusahau. Daktari Denis Burkitt, Mkristo na mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago huko Kampala, aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyokuwa ya kawaida Uingereza yalikuwa haba kwa wanakijiji wa Uganda. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mabaki ya chakula hupita tumboni mwa wanakijiji hao kwa muda mfupi zaidi, na choo chao huwa na uzito mara kadhaa kuliko cha Waingereza waliokula mkate mweupe. Alifundisha kwamba makapi ya nafaka, mboga na maharage si takataka, bali ni ulinzi. Alifariki mwaka 1993. Ni jambo la kusikitisha kwamba sisi ambao vyakula vya wazee wetu vilikuwa fundisho kwa ulimwengu, tumeiacha dona kwa ajili ya sembe nyeupe, na kuhesabu jambo hilo kuwa ni maendeleo.

Sababu nyingine ni za dawa: vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa akina mama wajawazito, dawa za maumivu za jamii ya afyuni kama kodeini na mofini, baadhi ya dawa za kutuliza asidi ya tumbo, za shinikizo la damu na za ugonjwa wa akili. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali amweleze daktari. Ujauzito wenyewe hupunguza mwendo wa utumbo. Magonjwa ya mwili mzima yaweza kuwa nyuma ya shida hiyo: kisukari cha muda mrefu, kulegea kwa tezi ya shingo, wingi wa chokaa katika damu, upungufu wa potasiamu, maradhi ya uti wa mgongo na ugonjwa wa Parkinson. Huzuni nzito ya moyo nayo huweza kuufunga mwili. Mtoto mchanga asiyepata choo tangu kuzaliwa apelekwe hospitali upesi. Na mpasuko kama ule wa Luther hutibika; wengi hupona kwa chakula cha makapi, maji, dawa ya kulainisha choo, na kukaa katika maji ya vuguvugu.

Lakini ziko dalili ambazo hazingoji. Damu katika choo, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, mabadiliko ya choo yanayomwanza mtu mwenye umri mkubwa, au tumbo lililovimba pamoja na kutapika na kushindwa hata kutoa upepo: mwenye dalili hizi aende kwa daktari bila kukawia. Wengi watakutwa na bawasiri tu, nao watarudi nyumbani kwa furaha. Lakini wachache watakutwa na jambo zito likiwa bado linatibika, na kwa ajili ya hao wachache aibu haifai kuhifadhiwa.

Pengine atatokea wa kusema kwamba imani yatosha. Na ajifunze kwa Luther huyo huyo, ambaye mwaka 1527, tauni ilipokuwa Wittenberg, aliandika kijitabu juu ya swali kama Mkristo aweza kuikimbia mauti. Humo anafundisha kwamba Mungu ameumba dawa na kutupa akili ya kuutunza mwili, na kwamba anayezidharau dawa anamjaribu Mungu.

Hitimisho

Tumeona kwamba ugonjwa wa Luther huko Wartburg una ushahidi ulio imara kuliko hadithi ya wino. Tumeona kwamba sababu zake zaweza kuelezwa kwa mambo ya kawaida ya mwili, na kwamba ugonjwa huo haukuwa chanzo cha Matengenezo, kwa maana Matengenezo yalikuwa yamekwisha kuanza. Tena tumeona kwamba hauna haja ya kufichwa, maana mgonjwa mwenyewe hakuuficha.

Sasa twaweza kumjibu yule mwanafunzi wetu. Ndiyo, yafaa mambo haya kuzungumzwa katika chuo cha theolojia. Yule mzee tuliyemzika alikuwa amesikia habari ya kidau cha wino tangu akiwa mtoto wa Kipaimara. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Martin Luther naye alitokwa na damu chooni, akawaandikia rafiki zake, akaomba dawa. Hatujui kama angepona, ila tunajua kwamba huenda angesema.